Saoirse: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu uadimu na matamshi ya jina hili la Kiayalandi

Saoirse ni jina la kike la Kiayalandi lenye herufi saba, nne kati yake zikiwa irabu, lakini lina silabi mbili tu. Anayelikuta kwenye maandishi kwa mara ya kwanza kwa kawaida hulikosea, na anayelisikia kwa mara ya kwanza hajui aanzie wapi kuliandika. Majibu yafuatayo yamekusudiwa wazazi wanaolifikiria jina hili kwa ajili ya mtoto wao, na pia wale ambao tayari wana mwanafunzi, mgonjwa au mfanyakazi mwenzao anayeitwa hivyo na hawapendi kumwita vibaya.

Jina hili linatamkwaje?

Matamshi yaliyo karibu zaidi na Kiayalandi chenyewe ni "Siirsha". Silabi ya kwanza ina irabu i inayovutwa, ikifuatwa na r inayosikika waziwazi, na silabi ya pili ni "sha" nyepesi ambayo a yake inakaribia kumezwa. Mkazo uko kwenye silabi ya kwanza. Kati ya zile s mbili zilizoandikwa, ya mwanzo hutamkwa kama s ya kawaida, na ile iliyo karibu na mwisho ndiyo inayogeuka kuwa sh.

Mbali na hayo, utasikia "Sersha", yenye e mahali pa i, na utasikia pia matamshi ambayo irabu yake ya kwanza haimo katika Kiswahili: ulimi umetulia katikati ya kinywa, na sauti inayotoka haifiki kuwa e wala haifiki kuwa a. Masikioni mwa mzungumzaji wa Kiswahili matamshi hayo ya mwisho huangukia mahali fulani kati ya "Sersha" na "Sarsha", na ndiyo yaliyoenea zaidi duniani kwa sababu itakayoelezwa mbele. Matamshi yote hayo matatu yana watu wenye jina hili wanaoyatumia wao wenyewe, na kwa hiyo hakuna hata moja linalostahili kuitwa kosa. Kosa ni kulisoma herufi kwa herufi, "Sa-o-i-rse", au kuiacha s ya pili ibaki s.

Kwa nini maandishi na matamshi yamepishana kiasi hicho?

Kwa kweli hayajapishana. Kinachowachanganya watu ni kwamba wanalisoma jina la Kiayalandi kwa kanuni za lugha nyingine, hasa Kiingereza, ilhali tahajia ya Kiayalandi ina kanuni zake ambazo, ukishazijua, zinakupeleka kwenye sauti bila kubahatisha sana.

Kanuni kubwa ni ya irabu pana na irabu nyembamba. Katika Kiayalandi, a, o na u huhesabiwa kuwa pana, na e na i huhesabiwa kuwa nyembamba. Kila konsonanti huathiriwa na irabu zilizo jirani nayo, na kwa hiyo karibu kila konsonanti ina sauti mbili, ya upande mpana na ya upande mwembamba. Kwa herufi s tofauti hiyo ni rahisi kuisikia hata kwa mgeni: s iliyopakana na irabu pana ni s, na s iliyopakana na irabu nyembamba ni sh. Ndiyo maana majina kama Seán, Sinéad na Siobhán, ambayo yote yana e au i baada ya s, huanza kwa sauti ya sh. Sasa rudi kwenye Saoirse. S ya kwanza inafuatwa na a, kwa hiyo ni s. S ya pili imezungukwa na i upande wa nyuma, ng'ambo ya r, na e upande wa mbele, kwa hiyo ni sh. Watoto wa shule wa Ayalandi hufundishwa kanuni hii kwa msemo mfupi, *caol le caol agus leathan le leathan*, yaani nyembamba kwa nyembamba na pana kwa pana: irabu zinazokaa pande mbili za konsonanti sharti ziwe za aina moja.

Kanuni hiyo ndiyo inayoeleza pia wingi wa irabu. Si kila irabu iliyoandikwa imewekwa ili itamkwe. Nyingine zipo kama alama tu, zikimwambia msomaji konsonanti jirani iko upande gani. Katika "aoi" sikio linasikia irabu moja ndefu, na e ya mwisho husikika kama kivuli cha a. Wingi wa irabu una sababu nyingine ya kihistoria, kwamba alfabeti ya jadi ya Kiayalandi ina herufi kumi na nane tu, bila j, k, q, v, w, x, y wala z, na herufi h ilikwisha kupewa kazi tofauti, ambayo tutakutana nayo chini. Lugha yenye sauti nyingi na herufi chache hulazimika kutumia majirani wa herufi kama alama.

Kwa nini Waayalandi wenyewe hawalitamki kwa namna moja?

Kiayalandi kina lahaja kuu tatu zinazofuata majimbo ya kale: Ulster upande wa kaskazini, Connacht upande wa magharibi na Munster upande wa kusini. Lahaja hizo zinatofautiana hasa katika irabu inayoandikwa "ao". Neno *saor*, ambalo ndilo mzizi wa jina hili, kwa watu wa Connacht na Ulster hutamkwa kwa i ndefu, na kwa watu wa Munster hutamkwa kwa e ndefu. Hali kama hiyo hulipata jina jingine maarufu, Caoimhe, ambalo kwa familia nyingi za kaskazini ni "Kiiva" na kwa nyingi za kusini ni "Kwiiva", na hakuna upande unaouona mwingine kuwa umepotoka.

Juu ya tofauti za lahaja kuna athari ya Kiingereza. Katiba ya Ayalandi ya mwaka 1937 inakitaja Kiayalandi kuwa lugha rasmi ya kwanza, na shuleni hufundishwa, lakini lugha ya nyumbani na ya kazini kwa walio wengi ni Kiingereza. Jina linalotajwa mara nyingi kila siku ndani ya sentensi za Kiingereza hulainishwa na kinywa cha Kiingereza, na irabu ile ya katikati tuliyoitaja imezaliwa katika mazingira hayo.

Je, mwigizaji Saoirse Ronan analitamka ipasavyo?

Analitamka kwa irabu ile ya katikati, na kwa kuwa jina ni lake, hakuna mwenye haki ya kumsahihisha. Ronan alizaliwa New York mwezi Aprili 1994 kwa wazazi wa Kiayalandi na kukulia Ayalandi, na matamshi yake ni ya kawaida katika Kiingereza cha nchi hiyo. Jambo moja tu ndilo la kuangalia: umaarufu wake umewafanya watu wengi, hasa Marekani, kuamini kwamba matamshi yake ndiyo pekee yaliyo halali, na baadhi yao huthubutu kumkosoa msichana mwingine anayejiita "Siirsha", ambaye matamshi yake yako karibu zaidi na Kiayalandi. Ukitaka kujua mtu fulani anaitwaje, muulize mwenyewe.

Jina lina maana gani, na lilianza lini kupewa watoto?

Saoirse ni nomino ya kawaida ya Kiayalandi inayomaanisha uhuru, na bado inatumika hivyo katika hotuba, magazeti na sheria. Tofauti na Brigid au Máire, halikurithiwa kutoka kwa mtakatifu wala kutoka kwa malkia wa hadithi za kale. Ni jina la karne ya 20, na limefungamana na historia ya nchi kuachana na utawala wa Uingereza: uasi wa Pasaka wa mwaka 1916 mjini Dublin, bunge la kwanza lililokutana Januari 1919, vita vilivyofuata, mkataba uliotiwa saini tarehe 6 Desemba 1921, na kuzaliwa kwa dola mpya mwaka mmoja kamili baadaye. Dola hiyo kwa Kiayalandi iliitwa Saorstát Éireann, na sehemu ya kwanza ya jina lake, *saor*, ni mzizi uleule wa Saoirse.

Mapema katika kipindi hicho neno hili lilikuwa jina la chombo cha baharini kabla ya kuzoeleka kwa watoto. Conor O'Brien alijengewa mashua ya tanga huko Baltimore, katika kaunti ya Cork, akaiita Saoirse, na mwezi Juni 1923 aliondoka nayo Dún Laoghaire kuizunguka dunia. Alirejea Juni 1925, baada ya kuipeperusha bendera ya dola changa katika bandari ambazo wengi wa watu wake walikuwa hawajapata kuiona.

Kwa wasomaji wa Kiswahili hali hii haihitaji maelezo marefu. Uhuru Kenyatta alizaliwa Oktoba 1961, miaka miwili kabla ya Kenya kujitawala Desemba 1963, na jina lake lilibeba matarajio ya wakati ule kwa namna ileile. Tofauti ni kwamba Uhuru kama jina la mtu limebaki zaidi kwa wanaume, ilhali Saoirse limekuwa la wasichana karibu pasipo kubadilika.

Kuenea kwake hakukuwa kwa haraka. Katika jamii ya Kikatoliki ambayo mtoto alitarajiwa kubatizwa kwa jina la mtakatifu, nomino ya kisiasa ilikuwa na kizingiti cha kuvuka, na kwa miongo mingi jina hili lilibaki katika familia zilizokuwa na mapenzi maalumu ama kwa lugha ama kwa harakati za kitaifa. Desturi hiyo ya majina ya watakatifu ilipolegea, ndipo lilipopata nafasi.

Je, jina hili lina harufu ya siasa?

Katika Jamhuri ya Ayalandi leo halina, au tuseme imebaki kidogo sana. Mzazi anaweza kulichagua kwa sababu ya sauti yake na hakuna atakayemuuliza kura yake. Katika Ayalandi ya Kaskazini, ambako majina ya watoto bado huonyesha kwa kiasi fulani familia inatoka jamii gani, Saoirse hutambulika mara moja kuwa la upande wa wazalendo wa Kiayalandi, kama yalivyo majina mengi ya Kiayalandi. Nje ya kisiwa hicho hakuna anayelifikiria hivyo.

Ni adimu kiasi gani?

Swali hili halina jibu moja, kwa sababu uadimu hupimwa nchi kwa nchi. Nchini Ayalandi si adimu hata kidogo: limo miongoni mwa majina mia ya kwanza ya wasichana, na katika miaka ya 2010 lilikuwa moja ya majina ya Kiayalandi yaliyopendwa zaidi. Darasa la Dublin lenye akina Saoirse wawili halimshangazi mtu. Marekani liliingia katika orodha ya majina elfu moja ya wasichana mwaka 2016 tu, na tangu hapo limekuwa jina linalojulikana kuliko linavyotumika. Katika nchi nyingine nyingi mtoto mwenye jina hili anaweza kumaliza shule bila kukutana na wajina wake.

Anayetaka kuthibitisha mwenyewe ana mahali pa kwenda. Ofisi Kuu ya Takwimu ya Ayalandi hutoa kila mwaka orodha ya majina ya watoto waliosajiliwa, yenye kumbukumbu za tangu 1964. Mamlaka ya Hifadhi ya Jamii ya Marekani hutoa orodha inayorudi nyuma hadi watoto waliozaliwa mwaka 1880, ikitokana na maombi ya kadi za hifadhi ya jamii. Uingereza na Wales zina orodha ya pamoja ya Ofisi ya Takwimu ya Taifa. Zote zinapatikana bure.

Orodha hizo, hata hivyo, hupotosha zisiposomwa kwa uangalifu, na hapa ningependa kukaa kidogo, kwa sababu wazazi wengi hufanya uamuzi kwa kutazama nafasi ya jina peke yake.

Kwanza, nafasi haielezi idadi. Marekani huzaliwa watoto zaidi ya milioni tatu na nusu kwa mwaka, na jina la msichana linaloshika nafasi ya elfu moja hupewa watoto kama mia mbili na hamsini hivi. Ayalandi huzaliwa kati ya elfu hamsini na elfu sitini, na katika miaka ya karibuni jina la msichana lililoshika nafasi ya kwanza kabisa limekuwa likipewa watoto mia tatu na kitu. Kwa maneno mengine, jina linaloburura mkia katika orodha ya Marekani linaweza kuwa na watoto wanaokaribia idadi ya jina linaloongoza Ayalandi. Mzazi anayesikia kwamba Saoirse "limeingia elfu moja bora" akaogopa kuwa limekwisha kuwa la kila mtu, hana sababu ya kuogopa.

Pili, orodha hizi hufichwa sehemu ya chini. Ili kulinda faragha, Marekani haichapishi jina lililopewa watoto wasiofika watano kwa mwaka, na Ayalandi haichapishi lisilofika watatu. Jina lisiloonekana kwenye orodha huenda lipo.

Tatu, kila tahajia huhesabiwa peke yake. Watoto walioandikwa Saoirse na walioandikwa Sersha ni safu mbili tofauti kwenye orodha ya Marekani, ingawa uwanjani wakiitwa wote watageuka. Kwa majina yenye tahajia ngumu, kama hili, nafasi rasmi inaweza kuwa chini ya hali halisi inayosikika.

Je, ni yule mwigizaji aliyelifanya lijulikane?

Nje ya Ayalandi, kwa sehemu kubwa ndiyo. Ronan aliteuliwa kuwania tuzo ya Oscar mwaka 2008 akiwa na umri wa miaka 13, akateuliwa tena mwaka 2016, 2018 na 2020, na mwaka ule wa 2016 ndio ambao jina lake liliingia katika elfu moja ya Marekani. Kulingana kwa miaka hakutoshi kuwa ushahidi, lakini namna jambo lilivyokwenda inaeleweka. Jina ambalo watu wanaliogopa kwa sababu hawajui kulitamka huhitaji kusikika, si kuonekana, na kila mahojiano yake yalianza kwa mtangazaji kujaribu kulitamka na yeye kumwelekeza. Desemba 2017, alipokuwa mwenyeji wa kipindi cha vichekesho cha Saturday Night Live, aliimba wimbo mzima kuhusu jinsi jina lake linavyotamkwa. Ni nadra kwa jina adimu kupata mwalimu wa namna hiyo mbele ya mamilioni ya watu.

Ndani ya Ayalandi mambo ni tofauti. Huko jina lilikuwa limekwisha kuzoeleka. Yeye mwenyewe ni zao la mwelekeo uliokuwapo wakati wazazi wake walipomchagulia. Mwelekeo huo wa kuchukua maneno na majina ya Kiayalandi bado una nguvu: mwaka 2021 jina lililoongoza kwa wasichana nchini humo lilikuwa Fiadh, ambalo nalo ni jina la siku za karibuni lililotokana na neno la kawaida.

Nirahisishe tahajia, niandike Sersha au Siersha?

Unaweza, katika nchi nyingi sheria haikuzuii. Ninachoshauri ni kutofanya hivyo bila kuhesabu hasara. Tahajia iliyorahisishwa huondoa swali la "linatamkwaje" na kuleta swali la "limetoka wapi", kwa sababu Saoirse ni neno lenye maana na Sersha si neno la lugha yoyote inayohusika. Isitoshe, mtu yeyote aliyekwisha kulijua jina asilia ataliandika kwa tahajia asilia, na mtoto atajikuta akisahihisha watu kwa upande wa pili. Tena, tahajia mpya hulifunga jina kwenye matamshi mamoja: anayeandika Siersha amechagua, na hawezi tena kuwaachia watu wa upande wa "Sersha" nafasi.

Je, kuna alama ya irabu ndefu juu ya herufi yoyote?

Hakuna. Kiayalandi hutumia alama ya mshazari, iitwayo *síneadh fada*, kuonyesha irabu ndefu, kama katika Róisín au Siobhán, lakini "ao" na "aoi" huwa ndefu zenyewe bila alama. Ukiona "Saoírse" jua mwandishi amepamba. Hii ni faida ndogo isiyotajwa sana: jina linapita katika mifumo ya kompyuta ya benki, ya viwanja vya ndege na ya ofisi za usajili bila herufi kupotea.

Ni kweli kwamba jina hubadilika mtoto anapoitwa?

Kwa mtu anayezungumza Kiayalandi, ndiyo. Kiayalandi kina hali maalumu ya kuitia, ambayo huanza na kijineno "a" na kulainisha konsonanti ya kwanza ya jina. Ulainishaji huo huandikwa kwa kuongeza h, na s iliyoongezewa h hutamkwa h. Kwa hiyo mama anayemwita binti yake kutoka mlangoni hasemi "Siirsha". Husema *a Shaoirse*, na kinachosikika ni "a Hiirsha". Seán naye akiitwa huwa *a Sheáin*, kwa h vilevile. Hii ndiyo ile kazi ya herufi h iliyotajwa mwanzoni, na ndiyo sababu Kiayalandi hakikuweza kuitumia "sh" kuandikia sauti ya sh.

Wanaozungumza Kiingereza na jina hili hawabadilishi kitu, na mtoto anayekua nje ya Ayalandi huenda asisikie umbo hilo maisha yake yote. Lakini akifika kwa watu wa lugha hiyo na kusikia "Hiirsha", ajue hajatamkiwa vibaya.

Mzungumzaji wa Kiswahili atapata shida gani?

Atapata shida mbili, na zote zinazoeleka. Ya kwanza ni mfuatano wa "rsh". Kiswahili hupenda silabi inayoishia kwa irabu, na ulimi wetu huwa na hamu ya kupenyeza i katikati, ili jina liwe "Sirisha". Jambo hilo linapaswa kuepukwa, kwani huongeza silabi, huvuta mkazo hadi kwenye "ri", na Sirisha ni jina jingine kabisa linalotumika India. Anayetamka "darsa" na "sharti" bila tabu tayari ana uwezo wa kufunga silabi kwa r. Aanze na "sir", atulie kidogo, aongeze "sha", kisha aziunganishe.

Shida ya pili ni urefu wa irabu. Tukiandika "ii" kwa Kiswahili tunasoma silabi mbili, lakini hapa ni silabi moja iliyovutwa. Upande wa mkazo hakuna kazi: Kiswahili huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, na kwa jina la silabi mbili hiyo ni ya kwanza, mahali palepale Kiayalandi kinapoutaka.

Kwa upande wa r, isiangushwe. Waingereza wengi hutamka jina hili bila r, lakini Waayalandi huisikilizisha, na Kiswahili kiko upande wao.

Mtoto hatasumbuka maisha yake yote kwa kulielezea jina?

Atalielezea, hilo lisifichwe. Mwalimu mpya atasita kwenye orodha ya mahudhurio, na mpokeaji wa hospitali ataita jina la ukoo peke yake ili kukwepa aibu. Wenye majina ya namna hii huwa na sentensi yao moja iliyo tayari, kwa mfano "linaanza kama sir na kuishia na sha", na baada ya kuitumia mara moja kwa kila mtu jambo huwa limekwisha. Usumbufu huwa mkubwa zaidi kwa mtoto ambaye wazazi wake hawajakubaliana, baba akisema "Siirsha" na shangazi akisema "Sersha", kwa sababu hapo hata yeye hana jibu la kutoa. Chagueni matamshi mamoja kabla ya kusajili cheti, mwaambie ndugu wa pande zote mbili, na katika tangazo la kuzaliwa yaandikeni kando ya jina.

Je, familia isiyo na asili ya Ayalandi inaweza kulitumia?

Inaweza. Si jina la ibada wala la ukoo, na Waayalandi kwa jumla hufurahi kulisikia likitumika, mradi linatamkwa kwa namna inayotambulika. Mtoto atakapokua ataulizwa kama ana babu wa Kiayalandi, na ni vizuri awe na jibu la kweli: kwamba wazazi walilipenda, na wanajua maana yake.

Kuna kifupisho chake?

Hakuna kilichozoeleka. Familia hukata silabi ya kwanza na kuitumia hiyo.

Ni majina gani mengine ya Kiayalandi yanayofanana nalo, lakini si mazito kuyatamka?

Fiadh hutamkwa "Fia" na halimchoshi mtu. Dh ya mwisho haisikiki. Aoife, lenye "aoi" ileile ya Saoirse, ni "Iifa". Niamh ni "Niiv" au "Niav" kutegemea eneo, na mh yake ni v. Anayependa sh ya Saoirse lakini anaogopa irabu zake anaweza kutazama Róisín, "Roshiin", ambalo mkazo wake huhama kutoka lahaja hadi lahaja. Kusini huangukia mwisho.